Kapteni Mateen Ansari, Askari Aliyeshika Ahadi

Ada ya watu ni kuupima ushujaa wa askari kwa vita alivyopigana. Lakini uko ushujaa mwingine, nao ni wa mtu aliyekwisha kunyang'anywa silaha, asiyebakiwa na kitu ila neno lake. Huo ndio ushujaa wa Kapteni Mateen Ahmed Ansari, Mwislamu wa Hyderabad katika Bara Hindi.

Ansari alikuwa ofisa wa kikosi cha Rajput cha jeshi la Bara Hindi, kilichowekwa kuilinda Hong Kong. Tarehe 8 Desemba, 1941, Wajapani waliishambulia, na usiku wa tarehe 18 wakavuka maji wakateremka kisiwani, katika pwani iliyokuwa ikilindwa na kikosi hicho. Askari hao walipigana kwa uthabiti, wakafa wengi, wakubwa kwa wadogo. Tarehe 25 Hong Kong ikasalimu amri, na Ansari akawa mateka.

Mwanzoni alitendewa vyema. Kisha Wajapani wakapata habari kwamba yeye ni jamaa wa Nizam, mtawala wa Hyderabad. Wakamtaka aukane utii aliouapia, na awashawishi mateka wenziwe wa Kihindi nao waukane. Akakataa. Wakamrudia mara kwa mara, asikubali. Mwezi wa Mei, 1942, wakamtia katika gereza la Stanley, akashindishwa njaa na kuteswa.

Aliporudishwa kambini, hapana ambaye angalimlaumu lau angalinyamaza. Yeye hakunyamaza, bali alibaki katika utii wake, akasaidia kupanga njia za mateka kutoroka. Mwaka wa 1943 akakamatwa tena, akateswa tena. Akahukumiwa kufa pamoja na wengine zaidi ya 30, Waingereza, Wachina na Wahindi, na tarehe 29 Oktoba, 1943, akakatwa kichwa. Kaburi lake liko huko Stanley, katika makaburi ya askari. Mwaka wa 1946 alitunukiwa George Cross, nishani kubwa ya Waingereza kwa ushujaa wa nje ya uwanja wa mapigano.

Huenda mtu akauliza: ahadi ile aliwapa watawala wa kigeni, nao mwaka wa 1947 waliondoka Bara Hindi; basi kuifia kulifaa nini? Na kweli wako Wahindi waliochagua kuwa upande wa Japani kwa kutaraji uhuru wa nchi yao, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye nia za waja wake. Ama Ansari, aliitiwa raha yake mwenyewe kwa bei ya askari waliomwamini. Ahadi ni amana, na amana haiangaliwi ukubwa wa aliyeipokea, bali huangaliwa uaminifu wa aliyeitoa. Dola aliyoiapia imekwisha kuondoka. Uaminifu wake haukuondoka nayo.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.