Kandarasi za barabara: Nani hubeba hasara?

Barabara inapochelewa kukamilika, au inapoanza kumeguka kabla ya masika ya pili, lawama kwa kawaida humwendea mkandarasi. Mara nyingi anazistahili. Lakini kabla greda halijashuka kwenye lori, kuna karatasi iliyokwisha kuamua mengi, nayo ni mkataba. Humo ndimo huandikwa ni nani atakayelipa udongo ukikutwa laini kuliko ilivyotarajiwa, thamani ya sarafu ikishuka, mwenye shamba akikataa kuhama, au magari yakiwa machache kuliko yaliyokadiriwa.

Kwa miongo mingi serikali za Afrika Mashariki zimefuata utaratibu mmoja. Mhandisi mshauri husanifu barabara. Michoro ikikamilika hutangazwa zabuni. Mwenye bei ya chini hupewa kazi iwapo ametimiza masharti. Kisha hulipwa kwa kadiri ya vipimo vya kazi aliyoifanya. Utaratibu huu ni rahisi kuukagua, na wazabuni wote hushindania kitu kilekile.

Hata hivyo, una maradhi mawili ya kudumu. Michoro ikiwa na kasoro, serikali ndiyo inayogharimia, kwa sababu mkandarasi hujenga alichochorewa. Zipo kampuni zinazoomba kazi kwa bei ya kutupa, zikijua kwamba faida yao itatoka katika kazi za nyongeza na madai. Aidha, hazina ikichelewa kulipa, riba huanza kuhesabika, mkandarasi huondoa mitambo, na wakazi hubakia na vumbi na njia ya mchepuko iliyogeuka kuwa njia ya kudumu.

Maradhi hayo ndiyo yaliyozaa njia mbadala zinazotajwa leo katika hotuba za bajeti.

Aliyeomba fedha nyingi zaidi akashinda

Njia ya kwanza ni kumkabidhi mkandarasi mmoja usanifu na ujenzi kwa pamoja. Mfano wake ulio wazi kabisa uko Minneapolis, jimboni Minnesota, mji wenye jamii kubwa ya Wasomali na wahamiaji wengine kutoka Afrika Mashariki. Tarehe 1 Agosti 2007, jioni watu wakirudi makwao, daraja la barabara kuu ya I-35W liliporomoka katika Mto Mississippi. Watu 13 walifariki dunia. Wachunguzi walibaini kwamba baadhi ya mabamba ya chuma yaliyounganisha nguzo zake yalikuwa membamba mno tangu siku ya kusanifiwa.

Jimbo halikuwa na muda wa kuchora kwanza na kutangaza zabuni baadaye. Makundi manne ya wakandarasi yalitakiwa kuleta bei, idadi ya siku na pendekezo la ufundi. Kila siku ilithaminiwa kwa dola 200,000 na kujumlishwa na bei, kisha jumla hiyo ikagawanywa kwa alama za ufundi. Aliyepata hesabu ndogo ndiye mshindi.

Mshindi akawa ubia wa Flatiron na Manson, kwa bei ya karibu dola milioni 234, iliyo kubwa kuliko zote nne. Hata siku zake, 437, hazikupungua za mshindani yeyote. Alama za ufundi ndizo zilizomwokoa. Bila shaka walioshindwa walihamaki, na shauri likafika hadi Mahakama Kuu Kabisa ya Minnesota, ambayo mwaka 2010 iliipa serikali ya jimbo haki. Wakati huo magari yalikuwa yamekwisha pita juu ya daraja jipya kwa takriban miaka miwili. Lilifunguliwa tarehe 18 Septemba 2008, zaidi ya miezi mitatu kabla ya wakati, na mkandarasi akalipwa bonasi ya zaidi ya dola milioni 20.

California ilikuwa imetangulia kuonyesha nguvu ya bonasi. Baada ya tetemeko la ardhi la Januari 1994, madaraja ya barabara ya Santa Monica mjini Los Angeles yalitakiwa kujengwa upya kwa siku 140. Kila siku ya kuwahi ingemletea mkandarasi dola 200,000, na kila siku ya kuchelewa ingemkata kiasi hicho hicho. Kampuni ya C. C. Myers ilimaliza kwa siku 66. Bonasi ikakaribia kulingana na thamani ya kandarasi yenyewe.

Msomaji wa kwetu anaweza kushtuka, na ana sababu. Alama za ufundi hutolewa na binadamu, na pasipo na rekodi zilizo wazi na mahakama zisizotishwa, kifungu hicho hicho kinaweza kuwa mlango wa nyuma wa kumpa kazi aliyekwisha teuliwa. Minnesota ilikuwa na makundi manne yaliyoshindana na kutazamana. Ushindani huo haupatikani kila mahali.

Uganda, kwa mfano, ilitumia usanifu na ujenzi wa pamoja katika barabara ya Kampala hadi Entebbe, yenye urefu wa kilomita 51 pamoja na tawi la Munyonyo. Iligharimu dola milioni 476, na kati ya hizo milioni 350 zilikuwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Mkandarasi, kampuni ya Kichina ya CCCC, alikuja pamoja na mkopo. Hakukuwa na zabuni ya wazi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliukosoa mradi huo kwa gharama zake. Barabara ilizinduliwa Juni 2018, ikiwa imechelewa, na tozo zikaanza Januari 2022. Kwa jina, mkataba wake ulikuwa ndugu wa ule wa Minneapolis.

Jenga, endesha, kabidhi

Njia ya pili huenda mbali zaidi. Mwekezaji hutafuta fedha, hujenga, hukusanya tozo kwa miaka kadhaa, kisha huirejesha barabara kwa serikali. Afrika Kusini na Msumbiji zilitangulia katika eneo letu kwa mkataba wa mwaka 1997 wa barabara ya kwenda Maputo, wa miaka 30.

Barabara ya juu ya Nairobi imefuata mtindo huo. Ina urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, na ilianza kutumika Mei 2022. Kampuni ya China Road and Bridge Corporation iliijenga kwa takriban dola milioni 668, na kampuni yake iitwayo Moja Expressway huiendesha. Sisi tunaotua Jomo Kenyatta na pauni au dirhamu mfukoni huisifu upesi. Abiria wa matatu, aliye chini yake katika msongamano, ana maoni yake.

Funzo la barabara hiyo limo katika sarafu. Mtaji ulikuwa wa dola, ilhali tozo hulipwa kwa shilingi. Ilipofunguliwa, dola moja ilikuwa takriban shilingi 115. Mwishoni mwa 2023 ilizidi 150. Januari 2024 tozo ya gari dogo kwa safari nzima ilipanda kutoka shilingi 360 hadi 500. Hasara ya sarafu, basi, haikukaa kwa mwekezaji. Kati ya mwaka huo wa 2024 shilingi ilipata nafuu, dola ikashuka hadi karibu 130, na ndipo lilipojitokeza swali ambalo wabunge wanapaswa kuliuliza kabla ya saini: je, kifungu cha sarafu hushusha bei kama kinavyoipandisha?

Kenya ilijaribu pia njia ya kati, ambapo mkandarasi hujenga kwa fedha zake na serikali humlipa kwa awamu kwa miaka kadhaa kutokana na tozo ya mafuta. Barabara ya Ngong, Kiserian hadi Isinya ni mojawapo. Hapo dereva halipi getini; hulipa kwenye pampu, hata kama maisha yake yote hatafika Kiserian.

Akiba za wafanyakazi

Barabara ya Rironi hadi Mau Summit inaonyesha jinsi masharti yanavyoweza kuukwamisha mradi. Mkataba na kundi lililoongozwa na Vinci ya Ufaransa ulitiwa saini Paris mwaka 2020. Ulivunjwa 2025 bila ujenzi kuanza. Novemba mwaka huo Rais William Ruto alizindua ujenzi chini ya mpango mpya, safari hii kampuni za Kichina zikishirikiana na mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kenya, NSSF.

Jambo hili la mwisho linahitaji kutazamwa kwa makini kuliko urefu wa lami. Tanzania ilitangulia: Daraja la Nyerere, Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, liligharimiwa asilimia 60 na NSSF ya nchi hiyo na asilimia 40 na serikali. Wakazi walilalamikia tozo, nazo zikapunguzwa mwaka 2022. Uamuzi huo ulimpendeza mvukaji. Lakini mfuko wa pensheni ukiwa ndio mwekezaji, kila shilingi inayopunguzwa getini ina mwenyewe upande wa pili, naye ni mfanyakazi anayesubiri kustaafu.

Mikataba isiyokatiwa utepe

Kuna aina moja ambayo haizinduliwi na rais yeyote, nayo pengine ndiyo inayotufaa zaidi. Ni mkataba wa matengenezo unaolipa matokeo. Mkandarasi halipwi kwa lori za changarawe alizomwaga. Hulipwa kiasi maalumu kila mwezi mradi barabara ipitike kwa kiwango kilichoandikwa. Argentina na Uruguay ziliupanua mtindo huu katika miaka ya 1990. Mwaka 2001 Chad iliutumia katika takriban kilomita 440 za barabara zisizo na lami, ikipima mambo ambayo hata mchungaji anaweza kuyathibitisha: mwendo wa wastani wa gari, na kama njia inapitika baada ya mvua. Pasipopitika, malipo ya mwezi hukatwa.