Maana za Neno "Betray" katika Kiingereza

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yampayo mfasiri taabu, kimo kitenzi betray. Wengi wetu tumezoea kukifasiri kwa neno moja, "saliti", kisha twaendelea mbele. Lakini tukiichungua historia yake twaona kwamba kitenzi hiki chawavika vazi moja mkosefu na asiye na kosa.

Asili yake ni neno la Kilatini tradere, maana yake kutoa kitu mkononi na kumkabidhi mwingine. Lilipita katika Kifaransa cha kale, na Waingereza wakaliongezea kiambishi chao be-. Katika shina hilo hilo limetoka neno tradition, yaani mapokeo tukabidhiwayo na wazee. Basi kukabidhi si kosa. Kosa ni kumkabidhi mtu kwa adui zake, kama Yuda alivyomtoa Bwana wake. Hiyo ndiyo maana ya kwanza.

Maana ya pili ni kuvunja uaminifu kwa mtu aliyekutegemea. Wazee wetu wanena, Kikulacho ki nguoni mwako. Waingereza nao waliliadhibu jambo hili kwa ukali. Sheria ya mwaka 1351, zamani za Mfalme Edward wa Tatu, ilitaja uhaini wa namna mbili: mkubwa, juu ya mfalme, na mdogo, yaani mke kumwua mumewe, mtumishi kumwua bwana wake, au padre kumwua mkuu wake. Mume aliyemwua mkewe hakuitwa haini, bali mwuaji tu, akanyongwa. Lakini Catherine Hayes, aliyehukumiwa kwa kuuawa kwa mumewe, alichomwa moto huko Tyburn, London, mwaka 1726. Adhabu ya kuwachoma wanawake iliondolewa mwaka 1790, na uhaini mdogo ukafutwa mwaka 1828. Hapo waonekana uzito wa jina: jina la kosa ndilo lililoleta moto badala ya kamba.

Maana ya tatu ni kutoa siri uliyoaminiwa. Na ya nne iko mbali na hizo zote: ni kudhihirisha jambo bila kukusudia. Mwingereza husema kwamba sauti ya mtu hu-betray hofu yake, wala hapana adui wala hila. Petro alipomkana Bwana wake uani, usemi wake wa Kigalilaya ulimtambulisha. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 yatumia hapo kitenzi kingine, bewray, neno la kale la Kiingereza lenye maana ya kufichua. Tafsiri ya Marekani ya mwaka 1946 yaweka betray. Maana neno la kale lilikuwa limekwisha kuzimika, na jirani yake akaurithi mzigo wake.

Kwa hiyo yatupasa kupambanua. Yuda alisaliti, aliyeigeukia dola yake ni haini, aliyevunja uaminifu amefanya hiana, mwenye ulimi mwepesi ametoa siri, bali sauti itetemekayo yamtambulisha mwenyewe tu. Mkalimani barazani akisema kwamba uso wa shahidi "umemsaliti", wasikiao watatafuta hila mahali palipo na hofu tupu. Neno moja la Kiingereza lataka matano ya Kiswahili, nayo yote tunayo.