Adapta ya hedifoni

Adapta ya hedifoni ni kifaa kidogo, kwa kawaida kipande kifupi cha waya, kinachounganisha hedifoni zenye pini ya milimita 3.5 na simujanja isiyo na tundu la pini hiyo. Upande mmoja una tundu la kuchomekea hedifoni, na upande wa pili una kichwa cha USB-C au cha Lightning kinachoingia kwenye tundu la chaji la simu. Adapta mbili zinaweza kufanana kabisa kwa nje, lakini kwenye simu ileile moja ikatoa sauti na nyingine ikakaa kimya.

Asili

Pini ya milimita 3.5 ilitokana na pini kubwa zaidi, ya milimita 6.35, iliyotumiwa na wahudumu wa mitambo ya simu tangu karne ya 19. Mwaka 2016 kampuni ya Apple ilitoa iPhone 7 bila tundu la hedifoni, na watengenezaji wengine wengi wakafuata katika simu zao za bei ya juu. Hadi mwaka 2018 Apple iliweka adapta ndani ya boksi la simu. Baadaye mnunuzi aliachiwa ainunue mwenyewe. Kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023, simu zake zinatumia USB-C badala ya Lightning.

Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Tanzania, kama zile za Tecno, Infinix na itel, zimebaki na tundu la kawaida. Kwa hiyo haja ya adapta humpata zaidi mwenye simu ya gharama, au aliyenunua iPhone au Samsung iliyokwisha kutumika.

Aina za adapta za USB-C

Simu huhifadhi sauti kwa tarakimu, ilhali hedifoni huhitaji mkondo wa umeme unaopanda na kushuka kama sauti yenyewe. Lazima kuwe na kigeuzi mahali fulani kati ya viwili hivyo. Baadhi ya simu hupitisha sauti iliyokwisha kugeuzwa kwenye tundu la USB-C, na kwa simu hizo adapta ya waya mtupu inatosha. Nyingine hutoa tarakimu tu, na adapta yake lazima iwe na chipu ya kugeuza. Google Pixel 2 ya mwaka 2017 na Samsung Galaxy Note 10 ya mwaka 2019 ziko katika kundi hili la pili. Adapta ya waya mtupu ikichomekwa humo haitoi sauti, ingawa simu ni nzima na adapta nayo ni nzima.

Adapta yenye chipu mara nyingi huandikwa herufi DAC kwenye boksi, au vipimo kama 24-bit na 96 kHz. Maandishi "USB-C" na "3.5 mm" peke yake hayasaidii, kwa kuwa yapo kwenye aina zote mbili. Asiyejua simu yake iko kundi gani ni salama zaidi achukue yenye chipu: Android inatambua vifaa vya sauti vya USB tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014. Hata hivyo adapta ya USB-C ya Apple, ambayo ina chipu, hutoa sauti ndogo kwenye baadhi ya simu za Android. Katika simu kadhaa, zikiwemo za OPPO, huenda ikabidi kwanza kuwasha OTG kwenye mipangilio.

Kwa iPhone zenye Lightning, baadhi ya adapta za bei ya chini huchukua umeme tu kwenye tundu la simu na kupitisha sauti kwa Bluetooth. Hizo hazilii mpaka Bluetooth iwashwe, jambo ambalo muuzaji halisemi kila mara.

Redio ya FM

Katika simu yenye redio ya FM, waya wa hedifoni ndio antena. Mawimbi ya FM yana urefu wa mita 3 hivi, na waya unaokaribia mita moja huyanasa vizuri. Adapta yenye chipu mara nyingi hukata njia hiyo, hivyo muziki uliohifadhiwa kwenye simu husikika lakini redio haishiki. Kwa iPhone tatizo haliondolewi na adapta yoyote: mwaka 2017 Apple ilieleza kuwa iPhone 7 na 8 hazina chipu ya FM wala antena yake.

Hili lina uzito katika nyanda za juu za Kigoma, ambako redio husikilizwa bila bando na bila mtandao. Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, imesikika hadi wilaya za Kibondo na Kasulu, na imetangaza kwa Kirundi na Kinyarwanda pamoja na Kiswahili. Mwenye simu isiyoshika FM hubaki kuisikiliza stesheni kama hiyo kwa intaneti, pale inapopatikana, na kwa kulipia bando. Kwa msikilizaji wa namna hiyo, redio ndogo ya betri inaweza kuwa na faida kuliko adapta yoyote.

Kujaribu kabla ya kulipa

Adapta iliyoagizwa Kariakoo, Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kufika Kasulu au Kibondo, na nauli ya kuirudisha inaweza kuzidi bei yake. Ndiyo maana kujaribu dukani, kwa simu na hedifoni zilezile zitakazotumika, kunafaa kuliko kutegemea maelezo ya boksi. Wimbo peke yake hautoshi. Inafaa pia kupiga simu ili kuona kama mtu wa upande wa pili anasikia, kubonyeza kitufe cha kwenye waya, kufungua redio kama ipo, na kugeuza kichwa cha USB-C juu chini kisha kusikiliza tena.

Sauti ya mwimbaji ikififia na kurudi pale kitufe cha maikrofoni kinapobonyezwa, kosa huenda si la adapta. Pini yenye sehemu nne ina mipangilio miwili, CTIA na OMTP, inayobadilishana nafasi ya maikrofoni na ya waya wa ardhi. Simu nyingi za sasa hufuata CTIA. OMTP hupatikana kwenye hedifoni za baadhi ya simu za zamani.

Adapta ya kawaida huziba tundu la chaji. Zipo zenye matundu mawili, moja la hedifoni na moja la chaji, nazo huhitaji kujaribiwa kwa yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa baadhi hukata sauti mara chaji inapoingia.