Johannesburg: Jiji ambako gereza liligeuzwa mahakama

MGENI anayezuru Johannesburg, jiji kubwa zaidi nchini Afrika Kusini, hatapata bahari wala mlima maarufu kama ule wa Cape Town. Jiji hili lilianzishwa mwaka wa 1886 baada ya dhahabu kugunduliwa katika eneo la Witwatersrand, na vivutio vyake vikuu ni vile vinavyosimulia jinsi watu walivyodhulumiwa na jinsi walivyojikomboa.

Ziara yaweza kuanzia Constitution Hill, karibu na katikati ya jiji. Hapa palikuwa na gereza ambamo Mohandas Gandhi na Nelson Mandela walizuiliwa kwa nyakati tofauti. Lilifungwa mwaka wa 1983. Jengo la mahabusu waliosubiri kesi lilipobomolewa, matofali yake yalitumiwa kujenga Mahakama ya Kikatiba, iliyofunguliwa papo hapo mwaka wa 2004. Mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuingia na kusikiliza kesi pale ambapo zamani aliingizwa kwa pingu.

Kusini mwa jiji yapo Makavazi ya Apartheid, yaliyofunguliwa mwaka wa 2001. Mgeni hupewa tiketi inayomtaja kuwa Mzungu au asiye Mzungu, bila kujali rangi yake halisi, kisha huingia kupitia lango la kundi hilo. Marafiki waliofika pamoja hujikuta wametenganishwa, na hapo ndipo wanapoanza kuelewa maana ya ubaguzi wa rangi.

Soweto nako kuna barabara ya Vilakazi. Nyumba nambari 8115, alikoishi Mandela kuanzia mwaka wa 1946, sasa ni makavazi. Askofu Mkuu Desmond Tutu pia alikuwa na nyumba katika barabara hiyo, na wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, Tutu mwaka wa 1984 na Mandela mwaka wa 1993.

Mwendo mfupi kutoka hapo ni makavazi ya ukumbusho wa Hector Pieterson, mmoja wa wanafunzi waliouawa na polisi walipoandamana Juni 16, 1976, kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana.

Mashabiki wa kandanda wanaweza kuutazama uwanja wa FNB, ambako Uhispania iliilaza Uholanzi 1-0 katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka wa 2010.

Treni ya Gautrain husafirisha abiria kutoka uwanja wa ndege wa O. R. Tambo hadi mtaa wa Sandton. Mgeni ashauriane na wenyeji kuhusu usalama kabla ya kutembea kwa miguu, hasa usiku. Kuanzia Juni hadi Agosti abebe nguo nzito, kwani baridi huwa kali.

Tangu Januari 1, 2023, Wakenya huruhusiwa kuzuru Afrika Kusini bila viza kwa muda usiozidi siku 90 kwa mwaka.