Tairi za Bei Nafuu Kitui na Makueni: Zinashikilia Wapi, Zinakuangusha Wapi?

Kama una Probox, Fielder ama Vitz na unaishi upande wa Wote, Emali, Mwingi ama Mutomo, hii stori ya tairi unaijua. Unaingia dukani na mwenye duka anakuuliza, "Boss, unataka ya jina ama ya Mchina?" Ya Mchina mara nyingi inakuja karibu nusu bei. Na kwa kona kuna rundo la ex-Japan, zile used, zinang'aa kama zimepakwa mafuta (na mara nyingi kweli zimepakwa). Mfuko unasema moja, roho inasema nyingine.

Jibu la haraka: tairi mpya ya bei nafuu, ikiwa saizi sahihi na namba sahihi ya mzigo, itakubeba poa siku nyingi za mwaka Ukambani. Siku itakayokuangusha kwanza ni siku ya mvua, na siku umepakia kupita kiasi kwenye jua kali. Hizo siku mbili ndizo za kuangalia kabla utoe doh.

Kwanza, "Mchina" ni nani?

Wasee husema "Mchina" kama vile ni kampuni moja. Sivyo. Linglong, Triangle, Sailun, Westlake na GoodRide zote ni za China, lakini kiwango hakilingani. Westlake na GoodRide ni ndugu, zote zinatoka kwa kampuni moja, ZC Rubber ya Hangzhou. Linglong nayo hufungwa kwa gari mpya za Volkswagen zikitoka kiwandani. Kuna pia Apollo, MRF na CEAT za India, na Maxxis ya Taiwan, ambazo wengi huziweka katikati: si bei ya kutupa, si bei ya wadosi. Halafu kuna yale majina ambayo hujawahi kusikia na hutayasikia tena baada ya container kuisha. Hapo ndipo mimi ningeogopa. Sababu si uchina wake. Ni kwamba tairi ikivimba ubavu baada ya miezi miwili, hakuna mtu wa kumrudishia.

Zamani hata sisi tulikuwa na yetu. Yana zilikuwa zinatengenezwa Nairobi na kampuni ya Sameer Africa, ile iliyokuwa Firestone East Africa. Kiwanda kilifungwa 2016, na moja ya sababu walizotoa ilikuwa ushindani wa tairi za bei ya chini kutoka nje. Baada ya hapo hata Yana yenyewe ikaanza kutengenezwa ng'ambo. Kwa hivyo usidanganywe na mtu anayekuuzia mpya ya leo eti ni "original ya hapa Kenya."

Siku ya kawaida, lami kavu

Toka Wote uende Machakos, ama Kitui uende Kabati, asubuhi kavu, 70 hadi 80 km/h, uko na watu wanne na kabag. Hapa ukweli usemwe, wengi hawawezi kutofautisha tairi ya bei ya chini na ya bei ya juu. Utaskia kelele zaidi, ule mvumo wa "vuuu" kwenye lami yenye kokoto. Usukani unaweza kuwa mzito kidogo ama kulegea kwa kona. Gari inasimama sawa. Kama maisha yako yote ya udereva ni hayo, kulipa mara mbili ni kununua jina.

Murram ni stori tofauti. Upande wa Kathonzweni, Zombe, Mutitu ama Kyuso, mawe hayajali umelipa ngapi. Yanakula meno ya tairi yoyote, na miiba ya migunga inaingia kwa Michelin vile inaingia kwa Linglong. Kwa hivyo kuna madere wanaobuy za bei nafuu kwa makusudi: ikiwa itatobolewa tu, heri itobolewe ya bei ya chini. Hiyo hesabu inaingia akilini. Kitu cha kuangalia hapo ni ubavu. Tairi nyingi za bei ya chini za gari ndogo zina ubavu laini, na jiwe kali likikata ubavu, hakuna fundi wa pancha atakusaidia. Shimo la katikati ya meno linazibika. La ubavuni halizibiki, hata fundi akikuapia kwa jina la mamake. Na ile tabia ya kuingiza tyubu ndani ya tairi ya tubeless ndio uendelee na safari? Inakufikisha nyumbani, sawa. Lakini tyubu inasugua ndani, inazalisha joto, na inaweza kuachilia upepo wote kwa mara moja. Ukifika nyumbani, toa.

Mvua ya Novemba

Sasa tufike penye noma. Ukambani inaombea mvua ya Oktoba hadi Desemba kuliko ile ya Machi. Lakini lami iliyokaa miezi na vumbi na mafuta ya malori, ikinyeshewa mara ya kwanza, huteleza kama sabuni. Na ukisoma vile mashirika ya magari ya Ulaya hupima tairi, mahali ambapo zile za bei ya chini hubaki nyuma zaidi ni hapo hapo: kufunga breki kwa lami iliyolowa.

Wacha tufanye hesabu ndogo, mfano tu. Gari mbili ziko 80 km/h kwa mvua. Moja inahitaji mita 35 kusimama tangu breki zikamate. Nyingine inahitaji mita 45. Unasema, mita kumi tu? Pale ambapo ya kwanza imeshasimama tuli, ya pili bado inaenda karibu 38 km/h. Hiyo ni tofauti ya kumwangalia mtoto wa shule akivuka na kumgonga. Na hapo hatujahesabu ile sekunde moja ya wewe kushtuka, ambayo kwa 80 km/h ni mita 22 zimeenda bure.

Kwa hivyo kama kila siku unapanda na kushuka milima ya Mbooni ama Kilungu, kona juu ya kona na ukungu wa asubuhi, mimi ningekushauri uchimbe mfuko zaidi. Kama unaendesha Kitui mjini na ushago mara moja kwa wiki, chukua ya bei nafuu na upunguze mwendo ikinyesha. Lakini usingoje ziwe kipara. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo, mara nyingi vimewekewa alama ya TWI ama pembetatu ubavuni. Vinundu hivyo vina urefu wa milimita 1.6. Meno yakilingana navyo, tairi imeisha, hata kama machoni bado inapendeza. Kwa maji ningeitoa mapema, ikibaki kama milimita 3.

Na hakuna tairi, ya bei yoyote, ya kuvuka mto uliofurika. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya lilisombwa na mto Enziu, Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Maji yakipita juu ya daraja, zima injini ungoje.

Mzigo: hesabu ya Probox

Hii ndiyo sehemu ambayo wengi hawajachanuka. Ubavuni mwa tairi kuna kitu kama 175/65R14 82T. Ile 82 ni namba ya mzigo, na T ni mwendo, hadi 190 km/h, ambao hata hutaufikia. 82 maana yake tairi moja inabeba kilo 475. 84 ni kilo 500, 86 ni 530, 88 ni 560, na 91 ni 615.

Tuseme Probox yako iko na 82 kote. Mara nne, ni kilo 1,900. Gari yenyewe tupu inazidi tani moja kidogo, tuseme 1,050. Weka abiria kumi na dere, vile tunazionaga zikitoka Emali ama Mutomo siku ya soko, kwa kilo 70 kila mtu: 770. Umefika 1,820. Sasa ongeza magunia matatu ya ndengu ya kilo 90. Umefika 2,090, na umepita kipimo hata kabla uguse murram. Tena uzito mwingi umelalia tairi mbili za nyuma, kwa hivyo hizo zimeumia zaidi kuliko hesabu inavyoonyesha. Msimu wa maembe Makueni ni yale yale, badilisha tu ndengu na kreti.

Tairi ya bei ya juu pia itaumia hapo. Tofauti ni kwamba wauzaji wengi hukupa yenye namba ya chini kwa sababu ndiyo ya bei ya chini, na wewe hukuangalia. Probox ya kazi ilitoka Japani na tairi za kubeba mzigo, zile zimeandikwa LT na PR ubavuni. Ukizibadilisha na za saloon ndio gari ilainike, umeipunguzia nguvu. Kama ni ya kubeba, itisha LT.

Jua na upepo

Toka Kibwezi upitie Ikutha na Mutomo hadi Kitui, ile lami ndefu, saa nane mchana, unajua vile joto huwa. Kinachoua tairi hapo ni upepo kidogo. Tairi yenye upepo mdogo inajikunja kila ikizunguka, inachemka ndani, mwishowe inapasuka. Mtu akishusha upepo avuke mchanga wa Tiva, sawa, hiyo ni akili. Akipanda lami na asijaze tena, hiyo ni kujitafutia.

Kipimo chako kiko kwenye stika ya mlango wa dere. Kwa sababu ni gari ya Japani, imeandikwa kPa. 220 ni kama psi 32, na 240 ni kama 35. Pima asubuhi kabla gari haijatembea, kwa sababu tairi ikichemka namba hupanda yenyewe. Ukiona imepanda safarini usitoe upepo. Ukiitoa, ikipoa itakuwa chini.

Tairi zingine pia zina neno TEMPERATURE likifuatwa na A, B ama C. A inavumilia joto la mwendo kuliko C. Kwa barabara ya Mombasa kati ya Sultan Hamud na Mtito Andei, ningetafuta A, ama B nikikosa. Vile vipande vya tairi za malori unavyoviona pembeni pale havikujitupa.

Na zile ex-Japan?

Hapa nitakuwa mkali. Kati ya mpya ya Mchina mwenye jina na ex-Japan ya bei sawa, chukua mpya. Tafuta herufi DOT ubavuni, halafu zile namba nne za mwisho. 2317 ni wiki ya 23 ya 2017. Raba inazeeka hata ikikaa bila kutembea, na kampuni kubwa za tairi husema tairi ikipita miaka mitano ikaguliwe kila mwaka, na ikifika kumi itolewe hata kama ina meno. Nyingi za zile za rundo zimeshakula nusu ya huo muda.

Kuna mtego mwingine. Ukiona neno STUDLESS ubavuni, hiyo ni tairi ya theluji. Wajapani huzifunga wakati wa baridi. Raba yake ni laini sana, na kwa jua la Makindu itaisha kama kifutio na gari itayumba kwa kona. Inauzwa bei ya kutupa kwa sababu hiyo. Na kama mifereji inaonekana mikali sana, imenyooka kama imekatwa na kisu, inawezekana imekatwa na kisu. Kuna malori ambayo tairi zake zimetengenezwa kuchongwa upya, na zimeandikwa REGROOVABLE. Ya gari yako ndogo haiko hivyo.

Ukinunua mbili tu

Watu wengi hawana doh ya nne kwa mara moja, na hiyo si aibu. Fundi atakuambia mpya ziende mbele, kwa sababu mbele ndiko injini inavuta. Mwambie aziweke nyuma. Za mbele zikiteleza kwa maji, gari inakataa kukata kona lakini ukitoa mguu kwa mafuta unaweza kuirudisha. Za nyuma zikiteleza, gari inageuka, na wengi wetu hatuwezi kuirudisha. Hakikisha tu zile kuukuu zilizoenda mbele bado zina meno. Fanya alaimenti siku hiyo hiyo, la sivyo murram imeshakuharibia usukani na tairi mpya italika upande mmoja kabla ya Krismasi.

Ukiwa bado hapo, fungua buti utoe spea uangalie DOT yake. Nyingi hazijawahi kushushwa tangu gari itoke Mombasa.