Waliofua sarafu walikatwa mikono, mabosi wakapeta tu

Wadau, unaambiwa Uingereza ya miaka ya 1100 pesa haikutoka kwenye mashine. Fundi anachukua kipande bapa cha madini ya fedha, anakiweka juu ya mhuri wa chuma uliochimbiwa kwenye gogo, anashikilia mhuri mwingine juu yake, halafu nyundo, paa! Peni hiyo. Ndo maana nyingi zimekaa upande upande, mfalme hana hata pua.

Nyuma kuna msalaba, na huo ulikuwa na kazi. Ukikosa chenji unaikata peni kati kufuata mistari yake, ukitaka robo unakata tena. Kuuzunguka msalaba kuna jina la fundi na mji wake.

Lile jina ndo lilikuwa kitanzi. Mwaka 1124 pesa ilichakachuliwa balaa: mtu anaingia sokoni na pauni nzima, yaani peni 240, hapati hata cha peni 12. Mfalme Henry I, ambaye alikuwa zake Normandy, akatuma amri mafundi waitwe Winchester wakati wa Krismasi. Walipofika, mmoja mmoja, mkono wa kulia ukakatwa na kuhasiwa juu. Jamani, sikukuu hiyo! Sasa sijui kama wote walikuwa wezi kweli au wengine waliponzwa na jina tu.

Henry akafa 1135. Mpwa wake Stephen akawahi kiti, Matilda, binti wa marehemu, akagoma, nchi ikaingia vitani miaka kibao. Hapo nidhamu kwisha. Baadhi ya wakubwa wenye majumba ya ngome wakatoa jina la mfalme kwenye peni wakaweka lao. Eustace Fitzjohn kule York alijichora amesimama na upanga mkononi, mtu mzima kabisa anajipiga picha kwenye hela! Patrick wa Salisbury naye akatoa zake, kavaa kofia ya vita.

Mwaka 1158 mfalme mpya, Henry II, akaleta peni mpya, jina lake tu nchi nzima, mchezo ukaisha. Na adhabu? Eustace alishakufa mwaka uliopita, vitani, akimpigania mfalme huyo huyo. Patrick hakuguswa hata ukucha. Cheo alibaki nacho mpaka alipouawa Ufaransa mwaka 1168, naye akiwa kwenye kazi ya mfalme.