Nani Athibitishe? Ulaghai wa Fedha kutoka Mtaa wa Mirambo hadi Ufipa

Mjadala wa uhalifu wa kiuchumi nchini Tanzania umezoea kuelekeza macho Posta, Dar es Salaam, ziliko ofisi za Benki Kuu. Hata hivyo, taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zimeitaja Rukwa mara kadhaa, pamoja na Morogoro, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Makala hii inadai kwamba wizi wa Posta na wa Ufipa, huko Rukwa, una asili moja: fedha huhama kabla mwenye wajibu hajathibitisha nani anaiomba na kwa idhini ya nani. Kwa hiyo, hasara inapaswa kubebwa na yule mwenye uwezo wa kuthibitisha.

Sakata la akaunti ya EPA, iliyohusu madeni ya wafanyabiashara wa nje, ni ushahidi tosha. Katika mwaka wa fedha 2005/06, Benki Kuu, wakati huo ikiwa na makao yake Mtaa wa Mirambo, ililipa takriban shilingi bilioni 133 kwa kampuni 22. Nyingi zilitumia hati za kughushi kudai kwamba zimekabidhiwa madeni hayo. Kumuuliza mdai wa awali kama kweli ameridhia kungeyazuia malipo mengi. Rais Kikwete alitengua uteuzi wa Gavana Daudi Ballali Januari 2008, kesi zikafunguliwa na sehemu ya fedha ikarejeshwa. Lakini hayo yote yalifuata baada ya wizi.

Sasa tutazame Kate, wilayani Nkasi. Msimu wa mavuno, mkulima aliyeuza mahindi au maharage hupokea malipo kwenye simu, naye hutuma ada ya mtoto au deni la mbolea. Katika pilikapilika hizo unaingia ujumbe: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Ujumbe huohuo umetumwa kwa watu wengi; unamnasa yule ambaye kweli alikuwa na hela ya kutuma. Laini iliyoutuma mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Msajili wa mtaani humwambia mteja kwamba alama ya kidole haijasoma, aweke tena; mguso wa pili husajili laini ya pili asiyoijua. Ndivyo usajili wa vidole, uliokusudiwa kuziba mwanya huu, unavyompa mhalifu kitambulisho cha mtu asiye na hatia.

Sheria hazijakosekana. Baada ya msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 ulioongozwa na Waziri Mkuu Sokoine ilikuja sheria ya uhujumu uchumi ya 1984. Zikafuata ya utakatishaji fedha haramu ya 2006, ya makosa ya mtandao ya 2015, na mwaka 2016 divisheni maalumu ya Mahakama Kuu ya makosa ya rushwa na uhujumu uchumi. Ila ukali wa adhabu hautishi mtu aliyejificha nyuma ya kidole cha jirani yake. Wananchi nao wanahimizwa kupiga *106# kukagua laini zao na kutuma namba za matapeli kwenda namba 15040. Ushauri huo ni mzuri, lakini unamtwisha ulinzi mtu mwenye nyenzo chache kuliko wote.

Uingereza imechukua njia nyingine. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mteja aliyelaghaiwa akatuma fedha hurejeshewa hadi pauni 85,000, na gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya taasisi iliyotuma na iliyopokea. Wapo watakaosema kwamba fidia itazaa uzembe. Hoja hiyo ina uzito, na utaratibu wa Uingereza umeijibu: mzembe wa kupindukia anaweza kunyimwa fidia, isipokuwa mteja aliye katika mazingira magumu.

Benki Kuu na TCRA zinaweza kuanza na hatua tatu. Kampuni iliyosajili laini kwa kidole cha wizi imlipe aliyeibiwa. Kamisheni ya msajili isitolewe mpaka mwenye kitambulisho athibitishe kupitia laini yake ya awali. Na fedha inayotumwa kwa mara ya kwanza kwenye laini mpya izuiwe kwa saa chache kabla ya kutolewa kwa wakala. Hatua hizi zina gharama, na kampuni zitalalamika. Lakini gharama hiyo tayari inalipwa. Anayeilipa leo ni mkulima wa Kate, kwa magunia ya msimu mzima.